Kikundi cha vijana waanika dagaa Ilemela: uchambuzi wa kisa cha mkopo usio na riba

Vijana 12 wa kata moja ya Wilaya ya Ilemela mkoani Mwanza, wanaume 8 na wanawake 4, walijiunga pamoja, wakaandika katiba, wakasajiliwa kwa msaada wa afisa maendeleo ya jamii wa kata, wakafungua akaunti benki, na mwishoni mwa Juni wakapokea mkopo wa halmashauri wa Sh 12,000,000 usio na riba. Walitumia Sh 5,000,000 kujenga vichanja vya kuanikia dagaa na kununua maturubai, na Sh 7,000,000 zilizobaki zikawa mtaji wa kununulia dagaa wabichi mwaloni, yaani ufukweni ambapo mitumbwi hushusha samaki. Kufikia Machi ya mwaka uliofuata vichanja vilikuwa bado vimesimama imara na dagaa wao walikuwa hawana mchanga, lakini rejesho la sita lilikuwa limekwama na wanachama 7 walikuwa wameacha kuja kazini.

Kikundi hiki ni cha mfano. Hakimo katika daftari la halmashauri yoyote, na hesabu zake nimezipanga mwenyewe kwa namba za mviringo ili msomaji azifuate kwa urahisi. Sheria, soko na mwenendo wa ziwa ninaoueleza ni wa kweli, na mtu aliyekaa mwaloni Kirumba, Kayenze au Igombe atatambua mazingira yake. Nimechagua kisa cha namna hii kwa sababu mijadala ya ajira za vijana mkoani Mwanza, mkoa uliokuwa na watu 3,699,872 katika Sensa ya 2022, huishia mara nyingi kwenye mambo mawili: vijana wapewe mafunzo na vijana wapewe mitaji. Vijana hawa walikuwa na vyote viwili. Kilichokosekana ni uwezo wa kungoja, nami naamini kwamba ubunifu wa kijamii unaohitajika zaidi kandokando ya Ziwa Victoria kwa sasa ni ule utakaompa kijana uwezo huo.

Ubunifu wa kijamii, kwa maana ninayoitumia hapa, ni njia mpya ya watu kupangana ili kuondoa shida yao ya pamoja, iwe na chombo kipya ndani yake au isiwe nacho. VICOBA, vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, ni mfano unaofahamika kila mtaa wa Mwanza. Chimbuko lake ni vikundi vya akina mama vilivyoanzishwa nchini Niger mwaka 1991, navyo havikuleta mashine yoyote, ila vilibadilisha utaratibu wa nani anatunza fedha, nani anakopa na lini zinagawanywa. Kichanja cha dagaa ni chombo kizuri, lakini hakiwezi kufanya kazi ya utaratibu.

Ziwa lina kalenda yake

Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, sasa wavuvi wengi wanatumia taa za betri na za sola, lakini kanuni imebaki ileile: taa huwavuta dagaa pale tu usiku unapokuwa na giza. Mbalamwezi ikiwa kali, mitumbwi hupumzika kwa siku kadhaa hadi giza lirudi. Kwa hiyo mwezi wa mvuvi wa dagaa una takriban usiku 20 wa kazi, na siku zinazobaki mwalo mzima unakuwa kimya: mwenye mtumbwi hapati, mwanikaji hapati, mbeba ndoo hapati, wala mama ntilie hapati.

Juu ya kalenda ya mwezi ipo kalenda ya mvua. Kiangazi cha Juni hadi Septemba, dagaa walioanikwa asubuhi wanaweza kukauka siku hiyohiyo. Vuli ya Oktoba hadi Desemba na masika ya Machi hadi Mei, mwanikaji anaanika akitazama mawingu, na mvua ikimkuta kabla dagaa hawajakauka, wanaoza au wanapoteza rangi na harufu. Dagaa wa namna hiyo hawaendi tena kwa mlaji; wananunuliwa na watengenezaji wa chakula cha kuku kwa bei ya chini sana. Kichanja kinawaepusha dagaa na mchanga na kinapitisha hewa pande zote, hivyo wanakauka haraka na kwa usafi kuliko wale wa ardhini, lakini kichanja hakiwezi kuleta jua.

Hapo ndipo inapotokea tofauti ya bei ambayo wafanyabiashara wakubwa wa soko la Kirumba Mwaloni wanaifahamu vizuri. Soko hilo linapokea dagaa wa Ukerewe, Ukara, Kome, Goziba na mialo mingine mingi, na kutoka pale dagaa wanasafirishwa hadi Kongo, Rwanda, Burundi na kwingineko. Dagaa waliokauka vizuri wakiwa wengi, bei inashuka. Mvua zikianza na dagaa wazuri wakiadimika, bei inapanda. Faida kubwa inamwendea mwenye ghala na fedha za kumtosha kuishi miezi miwili au mitatu bila kuuza. Kijana anayeanika leo na kuuza kesho ili apate nauli na unga anabaki na sehemu nyembamba kabisa ya thamani ambayo yeye mwenyewe ameitengeneza kwa mikono yake.

Mkopo ulivyotoka na ulivyopangwa kurudi

Fedha za kikundi zinatokana na kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kilichoongezwa mwaka 2018, ambacho kinaitaka kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kanuni zake zilitolewa mwaka 2019. Ni sheria ninayoithamini sana, kwa sababu inachukua ushuru uliokusanywa kwa wananchi, ukiwemo ule wa mialo na masoko, na kuurudisha mikononi mwa watu ambao benki isingewatazama mara mbili.

Mikopo hiyo ilisitishwa Aprili 2023, baada ya ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kuonyesha marejesho yasiyokusanywa na vikundi hewa, ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu uliokazwa, huku halmashauri 10 zikichaguliwa kujaribu kuipitisha benki. Marekebisho hayo yalielekezwa hasa kwenye swali la nani anapewa: je, kikundi kipo kweli, wanachama wanajulikana, mradi upo mahali ulipoandikwa? Ni maswali ya lazima, na kila shilingi iliyokwenda kwa kikundi hewa ni shilingi aliyonyimwa kijana halisi. Hata hivyo kikundi tunachokichambua kingejibu maswali yote hayo kwa usahihi na bado kingekwama, kwa sababu tatizo lake lilikuwa katika ratiba.

Mkataba uliwapa miezi 3 ya kujipanga, kisha marejesho 12 ya Sh 1,000,000 kila mwezi, kuanzia Oktoba. Rejesho la kila mwezi kwa kiasi kilekile linamfaa mwenye mshahara, au mwenye duka linalouza sukari mwaka mzima. Kwa dagaa, ratiba hiyo imeanza kudai siku zilezile vuli inapoanza.

Hesabu ya ndoo 30

Tuchukue kwamba kikundi kinanunua ndoo 30 za dagaa wabichi kila usiku wa uvuvi kwa Sh 15,000 ndoo moja, na kwamba dagaa wa ndoo hiyo wakikauka vizuri wanauzwa Sh 18,000. Faida ni Sh 3,000 kwa ndoo, Sh 90,000 kwa siku, na kwa siku 20 za kazi ni Sh 1,800,000. Miezi ya Julai, Agosti na Septemba, bila rejesho, kila mwanachama alipata Sh 150,000 kwa mwezi. Waligawana yote. Sitawalaumu kwa hilo. Kijana aliyekaa miaka bila kipato ana madeni ya nyumbani yanayomngoja, na hakuna kipengele cha mkataba wala mafunzo waliyopewa kilichowaambia kwamba faida ya kiangazi ndiyo chakula cha vuli.

Oktoba ikaingia. Tuseme mvua imeharibu dagaa siku 3 tu kati ya 20, na dagaa hao wakauzwa kwa chakula cha kuku kwa Sh 6,000 kwa ndoo. Siku 17 nzuri zinaleta Sh 1,530,000. Siku 3 mbaya zinapoteza Sh 9,000 kwa kila ndoo, yaani Sh 810,000. Kinachobaki ni Sh 720,000, wakati rejesho ni Sh 1,000,000. Ili kulipa, kikundi kinachomoa Sh 280,000 kutoka kwenye mtaji, na hakuna hata mmoja aliyepata kitu nyumbani. Hali ikiwa hiyohiyo Oktoba, Novemba na Desemba, mtaji umepungua kwa Sh 840,000, na vijana 12 wamefanya kazi miezi mitatu bila malipo. Januari na Februari, mvua zilipopungua, walibaki na Sh 800,000 kwa mwezi baada ya rejesho, yaani Sh 66,000 na ushee kwa kila mtu. Machi masika yakaanza, na waliokuwa wamechoka waliondoka: wengine walikwenda kwenye bodaboda, wengine kubeba mizigo, mmoja Geita kwenye machimbo.

Taarifa ya kikundi kama hiki ikifika ngazi ya mkoa huandikwa kwamba vijana hawana nidhamu ya marejesho. Nimeiweka hesabu hii kwa urefu kwa sababu kauli hiyo inaumiza na inapotosha. Siku 3 za mvua katika mwezi zinatosha kuifanya faida isitoshe kulipa rejesho, na hakuna semina ya ujasiriamali inayoweza kuzizuia zisinyeshe.

Sasa itazame upya hesabu hiyo ikiwa kikundi kingeweza kungoja. Kingehifadhi dagaa waliokauka wa ndoo 100 mwezi Agosti na 100 mwezi Septemba, halafu kikawauza Novemba au Desemba, tuseme kwa Sh 26,000 badala ya Sh 18,000. Ongezeko pekee ni Sh 1,600,000, bila kununua kichanja kingine na bila kuongeza mtu. Kungoja huko kunafunga Sh 3,000,000 za mtaji kwa miezi miwili hadi mitatu, na kunahitaji mahali pakavu, magunia yaliyoinuliwa kutoka sakafuni juu ya mbao, na uangalifu dhidi ya wadudu. Dagaa wana mafuta, hivyo wakikaa muda mrefu mno wanachacha. Ndiyo maana sizungumzii kuwahifadhi kutoka Juni. Nchi hii tayari ina mfano wa utaratibu wa namna hiyo. Stakabadhi ghalani ilianza kutumika kwa korosho Mtwara katika msimu wa 2007/2008, chini ya sheria ya mwaka 2005, na mkulima anayeweka mzigo ghalani anapewa hati ambayo ina thamani hata kabla mzigo haujauzwa. Ghala dogo la dagaa la mialo mitatu au minne jirani, linalokubali mzigo uliopimwa ukavu na kutoa stakabadhi ambayo halmashauri yenyewe inaitambua kama dhamana ya rejesho, halihitaji teknolojia yoyote ngeni. Linahitaji mizani, mlinzi, daftari na uamuzi.

Ajira ya nani?

Mwaloni kuna watu waliokuwepo kabla ya kikundi. Kuanika dagaa katika mialo mingi ya ziwa hili ni kazi ya wanawake kwa miaka mingi, wengi wao wakiwa na watoto wa kulea na wakikodi kipande cha mchanga au jiwe la kuanikia. Kikundi cha vijana chenye mtaji wa Sh 7,000,000 kinapofika alfajiri na kununua ndoo 30 kwa mkupuo, tajiri mwenye mtumbwi anafurahi kwa kuwa analipwa papo hapo, na mama aliyezoea kuchukua ndoo 2 kwa mkopo hadi jioni anaambiwa zimekwisha. Katika taarifa, ajira 12 zimezalishwa. Mwaloni, huenda kazi za akina mama kadhaa zimehama tu mikono.

Jambo hili halizungumzwi ipasavyo, na mimi naliona kuwa zito kuliko hata rejesho lililokwama, kwa sababu sheria ileile inatenga asilimia 4 kwa wanawake na asilimia 4 kwa vijana kana kwamba makundi hayo mawili hayakutani kwenye mchanga uleule. Vijana wana nguvu ya kubeba, wana simu za kutafutia bei na wanunuzi wa mbali, na wengine wamesoma ufundi VETA au wamepitia shirika la viwanda vidogo, SIDO, pale Nyakato wakajifunza kufungasha. Akina mama wana jicho: wanajua dagaa waliokauka kwa kuwashika, wanajua ni mtumbwi upi unaochelewesha dagaa kwenye joto la mchana, wanajua mnunuzi yupi hulipa na yupi hupotea. Kikundi cha vijana kikiacha kugombea ndoo na kuchukua kazi inayofuata baada ya kuanika, yaani kununua dagaa waliokwisha kukaushwa na akina mama kwenye vichanja vya pamoja, kuwapanga kwa daraja, kuwafungasha, kuwahifadhi na kuwasafirisha, ajira mpya itakuwa imeongezwa juu ya ile iliyokuwepo. Mkopo wa wanawake ungejenga vichanja, mkopo wa vijana ungebeba ghala na usafirishaji, na vikundi viwili vingeshikiliana kwa mkataba wa kuuziana.

Idadi ya wanachama nayo inahitaji kutazamwa. Kuanika na kugeuza ndoo 30 kwa siku ni kazi ya watu 5 au 6. Vijana walikuwa 12 kwa sababu kikundi kikubwa kilionekana kustahili mkopo mkubwa, na walikutana kwa ajili ya mkopo. Mwanachama wa VICOBA anaanza kwa kuweka akiba na kuonana na wenzake kila wiki kabla hajakopa, hivyo siku ya shida anajua nani ataleta hisa yake na nani atatoa visingizio. Vijana wetu walijuana kwenye fomu. Kipimo cha mafanikio nacho kingefaa kibadilike: badala ya halmashauri kuhesabu wanachama siku ya kukabidhi hundi, ihesabu siku za kazi zilizolipwa katika mwaka. Kwa kipimo hicho, watu 5 wanaopata malipo mwaka mzima ni mafanikio makubwa kuliko 12 waliolipwa miezi mitano.

Ardhi ya mita 60

Vichanja vimesimama karibu na maji, kwa kuwa ndipo dagaa wanaposhushwa. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Maana yake ni kwamba kikundi hakiwezi kupata hati ya eneo lake la kazi, wala kujenga paa la kudumu la kuokoa dagaa mvua inapokuja, na kinaweza kuambiwa kihame wakati wowote. Ziwa lenyewe halikai mahali pamoja pia: kina kilipopanda sana mwaka 2020, na tena mwaka 2024, maji yaliingia kwenye mialo na kumeza maeneo ya kuanikia. Vichanja vya mbao na nyavu vinavyobomolewa na kusogezwa vinakubaliana na hali hiyo. Ghala linapaswa kuwa juu, nje ya mita 60, kwenye ardhi ambayo halmashauri inaweza kuitenga rasmi.

Kwamba ratiba inaweza kufuata maji, serikali imekwisha kuonyesha. Januari 2024, jijini Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ugawaji wa boti za kisasa na vizimba vya kufugia samaki kwa mikopo nafuu. Sato wa kizimbani hawavunwi kila mwezi. Wanahitaji miezi kadhaa ya kulishwa, na hakuna anayeona ajabu kwamba mfugaji hana cha kulipa kabla ya mavuno. Dagaa wananyimwa fikra hiyo kwa sababu wanaonekana kuuzwa kila siku.

Uamuzi ulio mezani

Kikundi kina deni la Sh 7,000,000, wanachama 5 wanaofanya kazi na 7 waliosaini lakini hawapo. Kamati ya mikopo inaweza kuwafuatilia wote 12 kwa nguvu, na itapata vichanja vya kuuza kama mbao za kuni. Inaweza pia kukubali ratiba mpya: Machi hadi Mei bila rejesho, Juni hadi Septemba Sh 1,000,000 kila mwezi, Oktoba na Novemba bila rejesho, Desemba Sh 1,400,000 kutokana na mauzo ya dagaa waliohifadhiwa, Januari na Februari Sh 800,000 kila mwezi. Jumla ni Sh 7,000,000 zilezile, na halmashauri haipotezi shilingi. Miezi ya Agosti na Septemba, kikundi kikiweka ghalani mzigo wa ndoo 100 kila mwezi, kitabaki na Sh 500,000 kwa mwezi baada ya rejesho, yaani Sh 100,000 kwa kila mmoja wa watano. Si kipato cha kujivunia, lakini ni kipato ambacho hakiishi vuli inapoanza.

Masharti matatu yaambatane na ratiba hiyo: daftari la kila siku linaloonyesha ndoo zilizonunuliwa, zilizoharibika na bei ya kuuza, likaguliwe na afisa maendeleo ya jamii kila mbalamwezi, wakati mwalo umepumzika na kila mtu ana nafasi ya kukaa chini; mkataba wa maandishi na waanikaji wanawake wa mwalo huohuo; na wanachama 7 waitwe mmoja mmoja waulizwe kama wanarudi au wanajitoa rasmi, ili watano waliobaki wajue wanabeba deni la nani. Maombi yanapaswa kuwasilishwa kabla ya mwisho wa Machi, kwa kuwa rejesho la Aprili likifika bila jibu, mtaji utazidi kupungua kabla ya dagaa wa giza la kwanza la Juni.